Mjomba wa Nyuma ya Pazia

Wanaosema penye wengi hapaharibiki neno hawajawahi kuchangia choo kimoja na familia nne. Odette alikuwa anachangia, pale South Beach, ukimbizini, katika fleti ambayo hata sebule ilikatwa kwa pazia. Upande huu alilala yeye na mdogo wake Ineza, Warundi wote wawili. Upande wa pili Léonce, Mkongo wa Bukavu, mlinzi wa usiku kule viwandani Mobeni, ambaye mchana kazi yake ni kukoroma.

Jumapili ile Odette aliwaomba wote watoke, maana watu walikuwa wanakuja kumposa Ineza. Wote walitoka isipokuwa Léonce.

"Dada Odette, iko wapi pahali ya kulala, ku bahari?" alijibu. "Nitalala kimya."

Kimya, mtu yule? Wageni, watu wa Uvira, hawajamaliza hata kunawa mikono, Léonce akaanza kukoroma. Odette akakohoa. Akakohoa tena. Wapi.

"Wazee wa huku wako wapi?" akauliza Mzee Dominiki, msemaji wa wageni. "Hatuwezi kuomba mke kwa dada mtu peke yake."

Odette angemleta nani? Baba yao alishakufa, kaka zao wako kambi ya wakimbizi, na shemasi aliyeahidi kuwasimamia amezima simu. Yaani posa ivunjike kwa kukosa mwanaume mmoja wa kusema? Ineza alikuwa ameinama, machozi yanamlenga.

Mkoromo ukakatika. Léonce akatoka nyuma ya pazia, koti la kazi juu ya fulana, akaketi kwenye kiti cha Odette bila hata hodi.

"Mjomba wao ni mimi. Munisamehe, nimetoka ku kazi. Haya, mmepotea njia au mna shida?"

"Mjomba wa Warundi," Dominiki alimchungulia, "mbona unaongea kama mtu wa Bukavu?"

"Dada yangu, mama yao, aliolewa Burundi, nikalia wiki nzima. Mnataka nianze kulia upya?"

Wageni wakacheka. Léonce akawazungusha, akawatania, akauliza kama kijana anasali na kama anafanya kazi, mwishowe akakubali. Ineza akajifuta macho.

"Siku ya mahari tutakukuta hapa hapa?" Dominiki akauliza.

"Mimi? Mimi sihami," akasema Léonce, akijipakulia samaki mkubwa kuliko wote.

Odette alitamani kumzaba kofi. Akapiga magoti mbele ya watu, akampa Fanta kwa mikono miwili, kama anavyopewa mjomba.