Herufi ya Themanini na Moja

Mafahali wanne, wote wana ugonjwa wa mapafu. Cresensia aliyatazama tena majibu yao kwenye kioo cha kompyuta. Juma lililopita, katika ofisi hii hii ya mradi wa mifugo hapa Wasso, alimsomea mzee Parsimei wa kijiji cha Enguserosambu jibu la damu ya fahali wake, akaongeza kwa ukali wa mtu wa ofisi, "Mchinje, na msimle." Mzee akachinja. Leo yuko nje, amekuja kuulizia watatu waliobaki.

Kilichomkera ni hiki: wagonjwa wote walikuwa wenye maelezo marefu. Wafugaji walikuwa wameandikisha rangi, pembe na mkato wa sikio, maana ng'ombe wao si namba. Wenye maelezo mafupi, mstari wao uliishia kwa maneno "ugonjwa wa mapafu haukuonekana". Wa hawa wanne uliishia "ugonjwa wa mapafu", na herufi moja imebanwa ukingoni.

Ndipo akakumbuka. Mwezi wa tatu, wafadhili wakitarajiwa, mistari mirefu ilikuwa ikikatika na kushuka chini ovyo. Yeye mwenyewe alizima ule ushukaji. Kioo kikawa safi, wageni wakasifu. Tangu hapo kila herufi iliyozidi themanini, ambazo ndizo upana wa kioo, ilirundikwa juu ya nyingine pale ukingoni, isisomeke. Usafi. Mwaka sabini na nne wafugaji walihamishwa kwa nguvu kutoka kreta, bonde la malisho yao, na bila shaka taarifa ya serikali nayo iliandikwa safi.

Aliuwasha ushukaji. Mistari ikateremka: haukuonekana, mara nne. Akaenda kumweleza mkuu wa ofisi.

"Sema maabara wamerekebisha," alishauri mkuu wake, bwana Clemensi. "Nani atajua? Hata mimi sijaelewa unachosema."

Alitoka nje. "Shikamoo, mzee."

"Ulishaniamkia asubuhi, binti. Sema."

"Fahali wako alikuwa mzima. Maabara hawakukosea, ni mimi. Niliitengeneza mashine ipendeze, ikameza neno la mwisho."

"Ipendeze kwa nani?"

"Kwa wageni wa ofisi."

"Tulimfukia," alisema Parsimei. "Tukaweka mawe, mbwa wasimfukue. Na hawa watatu?"

"Wazima."

"Haya, panda lori nami. Mke wangu Seenoi alimkuza kwa chupa yule, mama yake alipokufa. Uongo wako nilimpelekea mimi. Ukweli utampelekea wewe mwenyewe."

Cresensia aliingia ofisini kuchukua khanga yake. Bwana Clemensi akauliza anakwenda wapi saa za kazi.

"Enguserosambu," alisema, macho sakafuni.