Beti Saba za Dari ya Msambweni

—siku saba, wallahi, kila ubeti siku moja, na sisi miaka yote tunauimba kama kasuku! Haya, ngojeni nikae kwanza. Nimeshuka darini sasa hivi, chokaa hii hapa mpaka kwenye nyusi, na sijaoga.

Wimbo ninaousema mnaujua. "Songa, dada, songa." Ule wa kumtoa bibi harusi ukumbini na kumpeleka chumbani, ubeti mmoja hatua moja, mpaka beti saba ziishe. Na mnajua kwamba baada ya ubeti wa nne wimbo unakatika. Wanawake wote wanakunja mikono kifuani, wanageuza nyuso ukutani, kimya, halafu ndipo wa tano unaanza. Tumefundishwa kuwa ile ni haya, eti bibi harusi anaachwa apumue. Kutoka Msambweni mpaka Galu hakuna mtoto wa kike asiyejua kukunja mikono pale.

Mimi nimekuja likizo kutoka chuo cha ualimu, na mwalimu wetu alimtaka kila mmoja arudi na habari ya wimbo mmoja wa kwao: umetoka wapi, nani kautunga. Nikachagua huo. Nikamuuliza Bibi Mwanapili, mamake mama, ambaye ndiye ninayekaa kwake. Akaniambia wimbo ni wa zamani, nile wali wangu.

Bibi hakuwa na nafasi ya nyimbo. Nyumba yake ile nyeupe ya mawe, ambayo Wazungu wanaoshukia Diani wanasimamisha gari kuipiga picha, inavuja. Imejengwa na baba mkwe wake, marehemu Mzee Abdurahman, na dari yake, ambayo ndiyo paa lenyewe, ni ya boriti, mawe na chokaa. Miaka kumi inavuja chumba cha upande wa bahari, miaka kumi mafundi wanaziba juu ya chumba hicho, na kila masika matone ni pale pale. Mjomba Suleiman amechoka. Amenunua mabati, yamepangwa uani, na alikuwa amemwita Fundi Jefwa aje kuvunja dari Jumamosi, yaani leo. Bibi hakugombana naye. Alisema mara moja tu: dari ikivunjwa, yeye atakwenda kukaa kwa ndugu yake Vanga na hatarudi. Kisha akaanza kukunja nguo zake, doti moja moja, kila siku baada ya alasiri.

Jumatatu nikapanda basi mpaka Kinondo kwa Bi Kahaso, maana kila harusi yeye ndiye anayeuanzisha wimbo ule. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia mikononi, akaona daftari tupu na kalamu. Akauliza kama chuoni tunafundishwa kwenda kwa watu mikono mitupu. Nikarudi dukani kununua sukari na majani ya chai. Nilipoyaweka mbele yake ndipo akanipa kigoda.

Akaniambia wimbo si wa harusi. Ni wa kazi. Dari ya chokaa hupigwa na wanawake, wamejipanga mstari, kila mmoja ana kipande mkononi, kile kigongo bapa cha kushindilia, na wanapiga kwa pamoja kutwa nzima ili chokaa ishikane. Wimbo ndio unaowaweka pamoja. Yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na dari aliyoipiga ni hiyo hiyo ya Mzee Abdurahman. Walianzia upande wa kibla wakawa wanasogea kwenda baharini. Siku moja ukanda mmoja, na kila ukanda ubeti wake. Wimbo ulipendwa, wakaondoka nao, ukaingia harusini.

Nikamuuliza kile kimya je, nacho ni cha nini.

"Njaa," akasema.

Siku tatu za mwanzo walipikiwa wali wa nazi na samaki. Siku ya nne Mzee Abdurahman akaleta muhogo wa kuchemsha, bila kitoweo, na watu wenyewe arobaini. Wanawake wakamaliza ukanda wa nne, wakaweka vipande chini, wakakunja mikono, wakageukia ukuta. Walikaa hivyo siku nzima ya pili yake mpaka jioni, jua linawaka, hakuna aliyesema neno. Kesho yake akachinjwa mbuzi, wakaendelea.

"Basi wakati ule," nikasema, "ukingo wa ukanda wa nne ulikuwa umeshakauka."

Bi Kahaso akaacha kupepeta. "Mkavu kama sahani. Tulimwambia aubomoe kidogo, aulowanishe, chokaa mpya ipate kushika. Alikuwa ana hasira ya mbuzi wake, hakusikia."

Nilirudi Msambweni mbio, basi lenyewe naliona linatambaa. Ila nilipofika mlangoni nikakumbuka kwamba nitakayemwambia ni Bibi. Bibi amemtunza mkwewe yule mpaka amezikwa, na kila mgeni humwambia kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ukarimu. Na ule wimbo aliingizwa nao chumbani katika nyumba hiyo hiyo. Nikamweleza, macho yangu chini.

"Baba mkwe wangu hakumnyima mtu chakula," akasema.

Akakunja leso mbili zaidi. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Siku ya ngapi?"

"Ya nne, Bibi."

Akaenda kuchukua kamba ya kisima. Akanipa nipande mimi, yeye akasimama chini kwenye ngazi. Nikapima urefu wa dari, nikakunja kamba mara saba, nikahesabu nne kutoka kibla. Juu pale hapana kitu, kuvu jeusi tu kama dari nzima. Nako ni mbali na chumba kinachovuja, vyumba viwili kabisa.

Mjomba Suleiman aliporudi alicheka mpaka akakohoa. Akamwita Jefwa akamwambia, mwalimu wetu huyu anaezeka nyumba kwa taarabu. Lakini Jefwa ni mtu wa kazi, akapanda, akakwangua kuvu kwa kisu pale nilipoweka kamba. Ukatokea ufa, mwembamba kama unywele, umenyooka ukuta kwa ukuta. Akamwaga kata moja ya maji. Yakazama yote. Tulipoteremka tukasimama kwenye chumba cha bahari, na baada ya kitambo tone likaanguka. Jefwa akasema maji yanaingia kule, yanafuata boriti, yanatokea huku, na wao miaka yote wanaziba yanapotokea.

Mjomba akatoa sharti. Ufa uchimbwe upana wa mkono, utiwe chokaa mpya, na wanawake wapatikane wa kuipiga Jumamosi, kwa siku moja, bila kusimama. Wakishindwa, Jefwa anavunja.

Basi leo. Wamekuja ishirini, Bi Kahaso mbele. Kabla hajapanda ngazi akamuuliza Bibi amepika nini. Bibi akamfunulia sufuria mwenyewe: pilau, na nyama inaonekana. Hawakusalimiana zaidi ya hapo.

Chokaa ikamwagwa, mstari ukapangwa, wimbo ukaanza. Wallahi mngepita barabarani mngedhani tunamwoza mtu. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, vipande vinashuka kama mkono mmoja. Ukaja wa nne. Ukaisha. Na wanawake ishirini, chokaa mbichi miguuni, wakakunja mikono na kugeuza nyuso. Si kwa ubaya, ni mazoea. Hata mimi nilikunja. Hata Bi Kahaso mwenyewe. Mjomba Suleiman amesimama uani karibu na mabati yake, anatazama juu. Jefwa ameshika nyundo.

Tukasikia kipande kimoja kinapiga.

Ni Bibi. Hakuna aliyemwona akipanda. Amefunga leso kiunoni, ameinama peke yake mwisho wa mstari, anapiga, na sauti yake mnaijua haina utamu. Akauanza ubeti wa tano bila kusubiri mtu. Bi Kahaso alimtazama kidogo, akaokota kipande chake, akaingia. Nasi wote tukaingia. Tulipiga mpaka alasiri, na kila ubeti wa nne ukiisha, Bibi alikuwa ameshaanza wa tano.

Jefwa amepapasa kwa kiganja, akagonga kwa kidole, akasema ni jiwe. Mjomba akamwambia mabati yakaezeke banda la ng'ombe. Bibi kashuka, kaosha mikono, na sasa anazifungua zile doti.

Ila Bi Kahaso hakuenda kwao. Amekaa jikoni na Bibi, wanabishana. Anasema pengo lile sasa linataka ubeti wake, Mzee Abdurahman atajwe na muhogo wake, na Bibi anasema muhogo utatajwa lakini na mbuzi pia. Wameniambia nipeleke daftari asubuhi. Naenda kuoga; wakikubaliana, kesho nitawaimbieni ubeti wenyewe.