Mkono Uliobaki Juu

Siku ya mkutano wa kijiji hapo Murangi, Dafroza alichelewa kwa sababu alikuwa anageuza dagaa wake juani. Akakaa nyuma kabisa, macho kwenye kreti za soda zilizowekwa miguuni pa mwenyekiti. Mwenyekiti Burito alikuwa anasoma habari ndefu. Dafroza alikuwa anawaza kama soda zitamfikia. Basi watu waliponyoosha mikono, na yeye akanyoosha wake, akaunyoosha vizuri asije akarukwa.

Walikuwa wamekubali mwekezaji apewe bonde la kando ya ziwa, wanakolima viazi akina mama wakati wa kiangazi, alime mahindi ya kulishia kuku wa mjini.

Soda ziliishia mstari wa mbele yake. Watu wakashusha mikono. Wa Dafroza haukushuka.

"Mama Recho, unamwita nani?" mumewe, Magige, alimuuliza alipofika nyumbani.

"Nilikuwa nakubali."

"Unakubali nini?"

"Sikusikia vizuri."

Magige akavuta kiti, akala.

Zahanati walisema mkono ni mzima, hauna tatizo. Akauzoea. Jogoo akapendelea kuwikia pale juu. Barabarani kila bodaboda alisimama akidhani anaitwa. Siku moja Dafroza aliona aibu kumkatalia mmoja, akajikuta Bunda, na Bunda hana shughuli. Kanisani kila Jumapili aliitwa mbele kutoa ushuhuda, akashukuru kwa afya. Dada yake aliyeolewa Butiama akapiga simu kumpa pole. Akasema kwao wenye mikono iliyogoma kushuka wako wanne.

Kiangazi kilipofika, bonde lilikuwa limezungushiwa waya. Mahindi yalistawi sana, kuku wa mjini hawakupata shida. Kwa Dafroza viazi viliisha, na uji wa binti yake Recho ukawa mwepesi mpaka mtoto akaona chini ya kikombe. Sare ya shule ikaanza kumpwaya. Dafroza hakupata usingizi, na sio kwa sababu ya mkono.

Mkutano uliofuata aliwahi, akakaa mbele, akasikiliza kila neno. Mwekezaji alikuwa anaomba aongezewe eneo, mpaka pale wanapochotea maji.

"Wanaokubali," Burito akasema, akaanza kuhesabu na mkono wa Dafroza.

"Mwenyekiti, mimi sikubali. Huu mkono ni wa mwaka jana."

"Mama Recho, tunahesabu mikono. Maneno hatuhesabugi."

"Basi na kwenye wanaokataa unihesabu."

"Mkono mmoja mara mbili? Huo si wizi wa kura, mama?"

Watu wakacheka. Dafroza naye akacheka, maana hata yeye aliona mwenyekiti ana hoja. Akageuka kuwatazama akina mama wenzake. Walikuwa wanatazama kreti.

Safari hii soda haikumruka. Walimfungulia, wakamwekea kwenye mkono ule ule, huko juu asikoweza kuifikisha mdomoni. Akatembea nayo mpaka nyumbani. Recho akapanda juu ya kiti, akainywa yote hapo hapo mkononi mwa mama yake.

"Tamu?"

"Tamu. Na viazi je, mama?"

Dafroza akamshusha. Akamwambia, mwanangu, mtu akiuliza nani anakubali, wewe kwanza kalia mikono yako mpaka usikie mwisho wa maneno.

Recho akaikalia. Mama yake akachukua kikombe kwa mkono uliobaki, akamnywesha uji.