Pembe Aliyopewa Murithi

Kaka yangu Murithi aliipokea pembe ya pombe ya asali kwa mikono miwili, kama mzee, na baba akacheka kwa furaha. Tulikuwa Kianjai, tumepeleka pombe ya posa ya kaka yetu mkubwa. Murithi ndiye aliyetuendesha, kwa lori la Billow, mfanyabiashara wa Meru mjini aliyemwajiri. Alikuwa hajatimiza hata miaka kumi na minane.

Kwetu kijana ambaye hajaoa haonji pombe. Hilo hata mbuzi walilijua. Lakini miaka ile ya Hali ya Hatari dereva Mwafrika alikuwa ajabu, na Mzee Bundi, baba wa bibi harusi, alimwona akishuka kwenye usukani, akaona mtu mzima.

"Huyu ameleta wazee wote hapa na mkono wake," alimwambia baba. "Mtu wa gari atakuwa kijana aje? Mpe, Mithika."

Baba angeweza kukataa, na Bundi asingenuna. Lakini kichwa kilikuwa kimemvimba kwa ajili ya mwanawe. Pembe ilipoisha, akaijaza tena yeye mwenyewe.

Wazee walibaki kulala huko. Baba, Murithi na mimi tuliondoka mapema ili kafyu isitukute njiani. Murithi aliimba nyimbo za kanisa kwa maneno ya kihuni, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma. Tulipolikaribia daraja tukaona gogo katikati ya barabara na magadi, wale walinzi wa serikali, wameinua mikono.

"Punguza," baba alisema.

"Nimewaona, baba. Tulia."

Kuwaona aliwaona. Mguu ndio uliochelewa. Lori lilivunja gogo, magadi wakafyatua risasi, tukaishia mtaroni. Murithi alilala juu ya usukani. Nilimwita na kumwita.

Wakasema alikuwa Mau Mau. Na maiti ya Mau Mau hairudishwi kwao. Serikali ingemfukia mahali tusipopajua. Bwana shauri, Mzungu wa wilaya, akaitisha baraza, akauliza kupitia mkalimani kwa nini kijana huyu alikuwa akitoroka.

Bundi alitazama chini. Baba akasimama, kofia mkononi.

"Hakuwa anatoroka. Alikuwa amelewa."

"Kijana hajaoa?" mzee mmoja aliruka kabla ya mkalimani. "Nani alimpa?"

"Ni mimi. Mimi baba yake."

Sijapata kumpenda baba kama siku ile, wala kumwonea uchungu hivyo. Tulipewa maiti, tukamzika Murithi nyumbani, kando ya migomba.

Mama alikuwa pale barazani, kati ya wanawake. Ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza nani alimpa mwanawe pombe. Hakupiga kelele, hakurudi kwao. Alimpikia baba na kumfulia mpaka wakazeeka wote wawili. Ila kila jioni, baba akiwa ameketi mbele yake kabisa, alinigeukia mimi.

"Kawira, mwambie baba yako chakula kiko tayari."