Umri wa Profesa

Bi Soko, kama wanafunzi walivyomwita mhadhiri wao wa masoko, alikuwa amefika karatasi ya mia moja na nne katika kusahihisha mitihani ya mwaka wa pili, profesa wake alipoingia na jarida mkononi. Makala yao ilikuwa imetoka. Kwa miezi kumi na minne Bi Soko alikuwa amewahoji wauza sabuni, apate kujua kwa nini mteja hununua pakiti ndogo ilhali kubwa ndiyo nafuu. Profesa, mkuu wa idara, alikuwa amerekebisha koma mbili. Jina lake lilitangulia.

"Jina kubwa ndilo linalofungua mlango," alimwambia. "Lako litaingia nyuma yake."

Kesho yake upara wa profesa ulikuwa umeota nywele nyeusi tii. Katibu muhtasi alimwambia zimempendeza, akampa barua za kusaini.

Makala ya pili ilimrudishia gego. Ya nne ikamwondolea miwani. Mume wa Bi Soko alikuwa fundi cherehani, na profesa alikuwa mteja wake, kwa hiyo habari za kiuno alizijua vizuri: arobaini na mbili, thelathini na nane, thelathini na nne. Siku alipoipunguza suruali ileile kwa mara ya pili, alitoa pini mdomoni ndipo aseme.

"Mke wangu, huyu anarudi alikotoka. Kiti unachokisubiri hakitoki."

Idara ilikuwa na kiti kimoja cha uprofesa, nacho kingekuwa wazi mwenyewe akitimiza miaka sitini na mitano. Bi Soko alipoajiriwa ilikuwa imebaki miaka tisa. Sasa, kwa hesabu za ofisi ya utumishi, ilibaki ishirini na sita. Kila Januari daktari alimpima profesa na afisa utumishi akaandika umri mpya, kwa kuwa faili sharti liendane na mtu. Bi Soko alikwenda kulalamika. Alielezwa kwa upole kwamba kanuni zinakataza kudanganya umri, na profesa hakudanganya. Kweli alikuwa na miaka thelathini na tisa. Profesa mwenyewe alimkumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bi Soko alikuwa ameinama miaka ishirini, na mvunguni hakuona kitu ila viatu vya profesa.

Kamati ya vyeo ilimtaka alete makala yenye jina lake peke yake. Akaandika moja, kwa miaka miwili, kando ya zile za pamoja, juu ya sababu zinazomfanya mteja arudi dukani alikopunjwa. Mhariri wa jarida aliituma kwa mtaalamu pekee aliyemjua katika uwanja huo. Ikarudi na sentensi moja: mwandishi bado hajakomaa. Profesa, aliyeiandika, alikuwa na chunusi tatu kidevuni.

Jumatatu iliyofuata walikutana kwenye ngazi. Bi Soko alikuwa ameshika ukuta kwa ajili ya magoti.

"Shikamoo, mama," profesa alisema, akapanda ngazi mbilimbili.

Miaka yote hiyo aliyekuwa akiamkia ni Bi Soko. Alisimama mpaka viatu vilipoacha kusikika, ndipo akaitikia marahaba, maana salamu haiachwi ikining'inia. Kisha akaingia ofisini, akapiga meza kwa kiganja mpaka katibu muhtasi akaja kuuliza kama ameita.

Tangu siku hiyo hakuandika tena. Mwaka ukapita, profesa akabaki vilevile. Mwezi wa kumi na tatu mstari ulijitokeza kwenye paji lake, na fundi akaachia kiuno nusu inchi. Alishona huku akipiga mluzi. Siku hiyo mume na mke walikula wakamaliza sufuria.

Ndipo idara ikaajiri mhadhiri msaidizi, binti mwenye bidii na sauti ndogo. Bi Soko alimkuta chumba cha kuchapishia, makala yake ya kwanza ikitoka kwenye mashine, kurasa zingali moto. Jina la profesa lilikuwa juu.

"Mwanangu, lako lianze."

"Mama, amesema ni taratibu tu. Tena yeye ni kijana mwenzetu, anatuelewa. Si kama wazee wanaong'ang'ania viti."

Bi Soko alikuwa amebakiza wiki sita kustaafu, angali mhadhiri mwandamizi. Alizipokea kurasa akazisoma kwa kusimama. Ilikuwa kazi nzuri. Alimwonyesha binti mwaka uliokosewa katika rejeo la kumi na moja, kwa sababu kosa ni kosa, akamrudishia. Binti alishukuru, akaenda kuipeleka.

Makala ilipotoka, paji la profesa lilikuwa laini kama la mtoto. Barua ya kumuaga Bi Soko ilisainiwa wiki hiyohiyo, kwa mwandiko mkubwa usiofuata mstari, ikimtakia uzee mwema. Aliikunja akaitia mkobani, akaenda kufundisha kipindi cha saa nane, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamekwisha kukaa.