Usibishe Hodi, Narekodi

Kwa miaka ishirini na tisa alipokea simu za hospitali kubwa, na miaka yote hiyo aliwaambia watu wasubiri kidogo, hata jina la Bi Subiri likamganda kama kupe. Siku aliyostaafu alipewa saa ya ukutani. Mji mzima uliijua sauti yake, lakini sura yake ilipita sokoni bila kusalimiwa.

Kwa hiyo maktaba ya wasioona ilipotafuta mtu wa kusoma vitabu vya shule kwa sauti, alikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Studio hawakuwa nayo. Walimpa maikrofoni ya bei poa, wakamwambia kompyuta yake kuukuu inatosha, mengine ajitafutie.

Alijitafutia kweli. Chumba kisicho na dirisha kilikuwa kimoja tu, stoo iliyo ubavuni mwa mlango wa mbele. Akasimamisha godoro ukutani, akatundika mablanketi mawili kwenye kamba ya nguo, akaivisha maikrofoni soksi ili pumzi zisiipige. Kompyuta ilivuma kama mzinga wa nyuki, basi akaiweka sebuleni na kupitisha waya chini ya mlango. Friji akaizima. Siku ya kwanza alisahau kuiwasha tena, maziwa yakaganda, akayanywa hivyo hivyo akijiambia ni mtindi. Kila mara kabla ya kuanza alikaa kimya sekunde kumi, akarekodi ukimya wa chumba ili kompyuta ijue kelele ipi ya kuondoa. Sekunde hizo hakuzipenda. Ukimya alikuwa nao mwingi wa kutosha bila kuuwekea maikrofoni.

Kilichobaki ni watu. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alizoea kubisha hodi kila asubuhi na habari za mtaa mzima mdomoni, na kuna ukurasa uliorudiwa mara nne kwa ajili yake. Bi Subiri akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: NAREKODI. TAFADHALI USIBISHE HODI. Akakitundika nje ya mlango. Siku za mwanzo alikitoa kila alipomaliza kazi. Baadaye uvivu ukamwingia, kikabaki pale pale.

Wiki tatu zikapita bila hodi hata moja. Bi Subiri akanuna. Alisema moyoni kwamba binadamu hawana wema, ukistaafu ndiyo umekwisha. Kibao hakikumpitia akilini hata kidogo. Yeye alikuwa ndani, maandishi yalitazama nje, na hata akirudi sokoni alikwisha kukizoea kama kitasa.

Aliyemuuma zaidi si fundi, ni mdogo wake wa kike. Mwaka juzi, msibani kwa mama yao, Bi Subiri alisimama mbele ya ndugu wote akasema kwamba mdogo wake amekuja kumlilia mama ambaye yeye hakuwahi hata kumwogesha alipougua. Mdogo wake ana mguu mmoja uliolemaa tangu utotoni. Ndoo ya maji tu ni mtihani kwake. Akachukua mkoba wake, akaondoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwezi huu shangazi yao alileta habari kwamba mdogo mtu amelainika. Atapita mwenyewe siku moja, asiulizwe lini, wala asipigiwe simu kwanza. Bi Subiri akanunua vikombe viwili vipya. Wanasema subira huvuta heri, na yeye subira alikuwa nayo ya kugawa. Kila jioni alivifuta vumbi vile vikombe na kuvirudisha kabatini.

Jumatano alikaa sebuleni kusafisha sura ya saba, aliyoirekodi Jumamosi. Kazi hiyo ni ya kuvaa visikilizio masikioni na kufuta kelele: pikipiki, mbwa, kikohozi chake mwenyewe. Kwenye ukurasa wa hamsini na mbili, pale mtoto wa kitabuni anapomtafuta mbuzi aliyepotea, akasikia kitu nyuma ya sauti yake. Akaongeza sauti. Hatua moja nzito, moja ya kuburuta. Nzito, ya kuburuta. Zikasimama mlangoni.

Hakuhitaji kuambiwa. Mwendo ule aliufuatisha miaka sita njia ya shule, akimshika mkono mwenye nao.

Aliendelea kusikiliza. Sauti yake ilisoma tu, shwari, kama ya mtu ambaye hajawahi kumkosea yeyote. Aliposita ili afunue ukurasa, mtu wa nje alihema. Aliposita tena, wa nje alisafisha koo. Kompyuta ilihesabu dakika nne na nusu, na mguu ule haukuwahi kuvumilia kusimama dakika mbili. Kisha ikaja sauti ya chini, ya mtu anayejisomea.

"Usibishe hodi. Haya, dada."

Hatua zikaondoka.

Bi Subiri alilia kwa sauti, na hakuna aliyekuja kuuliza kulikoni, maana kibao kilikuwa kazini. Alipomaliza akaenda kukirarua. Halafu akampigia shangazi, ambaye alisema ndiyo, mdogo mtu alikwenda, akarudi akasema amemkuta dada yake ana shughuli. Shangazi akampa namba ya mdogo wake.

Simu ikapokewa.

"Dada?" mdogo wake akasema.

"Kile kibao hakikuwa chako."

"Niliona unafanya kazi. Sikutaka kukuharibia."

"Na yale ya msibani. Nilikukosea, tena mbele za watu."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Yule mbuzi," mdogo wake akauliza, "alipatikana?"

"Bado. Ni mpaka sura ya nane."

"Nisomee basi. Safari hii nimekaa."

Bi Subiri alikwenda kuchukua kitabu stoo. Akaketi sakafuni kizingitini, mlango ukiwa wazi na friji ikinguruma nyuma yake, akauanza upya ukurasa wa hamsini na mbili.