Protini Hujenga

Mukamana alilinyakua birika, akayamwaga maziwa yote uani, mbele ya macho ya wifi yake.

"Unamwaga maziwa?" Connie alishika kichwa. Hapo kijijini Gahanga, mtu akimwaga maziwa makusudi huulizwa kama ana akili timamu.

"Unailisha kansa! Nikigeuka, mayai. Nikienda sokoni, maziwa. Unataka kaka yako afe?"

"Kaka yangu iko na njaa! Anaomba maharage kama mtoto."

"Toka kwangu!"

Connie alijifunga kitenge chake, akatoka bila kuaga. Chumbani Mutabazi, mume wa Mukamana, aliyasikia yote.

Mukamana hakuwa mtu wa kufundishwa chakula. Yeye ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, na akina mama wote walilijua somo lake: wanga hutia nguvu, protini hujenga. Sasa daktari alipoleta majibu ya vipimo vya kibofu cha Mutabazi, si alisema kwa kinywa chake kwamba juu ya seli za kansa kuna protini nyingi, nayo ndiyo inayousukuma ugonjwa? Kama protini hujenga, basi huko ilikuwa inajenga uvimbe. Tangu siku hiyo mumewe alikula viazi na kabichi tu.

Siku ya kuanza dawa, Daktari Wanjiru alimpandisha Mutabazi kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena.

"Huyu anakula nini?"

Mukamana alieleza, tena kwa fahari. Daktari akavua miwani.

"Mama, ile protini haitoki kwenye sahani. Seli ya kansa hujitengenezea yenyewe. Na dawa yetu huitafuta hiyohiyo, ipate pa kuikamatia seli. Lakini mwili huu umeisha. Nikimpa leo, dawa itamuua. Mlisheni kwanza."

"Na kansa itasubiri?"

"Haisubiri."

Hasira ikampanda Mukamana. "Mbona hukusema? Ulisema protini! Kwetu protini ni maharage, ni samaki, ni maziwa! Mnatutupia neno moja halafu mnaita mgonjwa mwingine!"

"Ni kweli," daktari alisema taratibu. "Nilipaswa kukuuliza umeelewaje."

Jibu hilo lilimuudhi kuliko ubishi. Alitaka mtu wa kugombana naye. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa anahangaika kufunga mkanda kwenye tundu jipya alilolitoboa kwa msumari.

"Na wewe! Njaa inakuuma, kwa nini hukukataa?"

Mutabazi alimtazama bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma.

"Kijiji kizima kinakusikiliza wewe, mama Shema. Mimi ningejuaje zaidi?"

Mukamana alitoka koridoni, akampigia Connie. Simu iliita sana.

"Wifi," alisema. "Wifi yangu, lete maziwa."



"Maziwa gani?" Connie akauliza. "Si uliyamwaga?"